Ukurasa wa Ugenini

Watu wa mtaa wa Albert Park walikuwa wakikifungua kile kijarida cha mpira kinyumenyume. Wakishakinunua getini, hawakujali picha ya nahodha kwenye jalada, wala salamu za mwenyekiti, wala tangazo la duka la matairi. Walikipindua wakaanzia nyuma, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na Kiswahili. Wengine walisoma wamesimama palepale, wakaziba njia mpaka walinzi wawasogeze. Na Josias, aliyeuandika ukurasa huo, alikuwa kando yao na rundo la vijarida mkononi, akiuza, akijifanya haoni jinsi macho yao yalivyokwenda mstari kwa mstari.

Hiyo ilikuwa Durban, mwaka 1998, kwenye uwanja wa Umbilo Rovers, timu ya daraja la pili isiyojulikana sana nje ya mji. Kila mechi ya nyumbani ilikuwa na kijarida chake: kurasa chache zilizobanwa kwa pini katikati, zenye majina ya wachezaji wa pande zote mbili, habari za mechi iliyopita, msimamo wa ligi na matangazo. Mtu alikinunua akiingia, akakitumia kujua nani ni nani uwanjani, na ikiwa saruji ya viti ina maji, akakikalia.

Josias alitoka Lubumbashi mwaka 1995. Kule alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, katika wale walimu ambao serikali ilikuwa imewasahau hata wazazi wa watoto ndio waliowalipa, mara nyingine kwa unga. Mama yake alikuwa amekwisha fariki, dada zake wameolewa mbali. Aliyebaki ni baba, Mzee Vénérand, katika nyumba ya matofali mtaa wa Katuba. Siku ya kuondoka Josias alimwandikia kwenye ubao wa shule, kwa chaki, kwamba anakwenda mwaka mmoja tu. Mzee akasoma, akaitikia kwa kichwa, akaufuta ubao kwa kiganja cha mkono.

Aliandikiwa kwa sababu hakuwa akisikia. Mzee Vénérand alifanya kazi maisha yake yote kwenye tanuru za shaba, na kelele za mitambo zilimla masikio kidogokidogo, mpaka alipostaafu hata ngoma za kanisani zikawa zinampita. Alichobaki nacho ni macho. Alisoma chochote kilichopita mbele yake, hata gazeti lililofungia samaki. Na tangu ujana wake alipenda mpira kupita kiasi. Enzi hizo, tiketi za mechi kubwa za Lubumbashi ziliuzwa pamoja na karatasi ya majina ya wachezaji, na mzee alizileta nyumbani zote. Josias alijua kusoma jina la golikipa kabla hajajua kusoma jina lake mwenyewe.

Kwa mtu kama huyo simu ni chombo cha watu wengine. Posta nayo ilikuwa imekufa siku nyingi. Kwa hiyo miaka ya mwanzo ya Josias huku Durban baba na mwana walikaa kimya kabisa, si kwa ugomvi, bali kwa kukosa njia.

Cheti cha ualimu hakikumfaa kitu. Alifanya kazi waliyoifanya Wakongomani wengi: kulinda magari. Alivaa fulana ya njano, akawaonyesha watu pa kuegesha, akashukuru alichopewa. Jumamosi za mechi alikuwa barabara ya nyuma ya uwanja wa Umbilo. Mechi ikiisha na magari yakiondoka, aliokota vijarida vilivyotupwa, akavikung'uta vumbi, akavibeba hadi kwenye chumba alichokaa na wenzake ghorofani Albert Park. Kiingereza chake alikijifunzia humo. Maneno yake ya kwanza ya lugha hiyo yalikuwa mpira wa kona, majeruhi na mwamuzi wa pembeni.

Alasiri moja mwenye gari la mwisho kuondoka alimkuta ameegemea boneti lake akisoma. Alikuwa mzee wa Kihindi, mzaliwa wa Durban, mwenye kofia ya kitambaa na wino kwenye kucha. Jina lake Rampersad. Ndiye aliyekuwa akikiandika na kukichapa kijarida hicho katika kiwanda chake kidogo huko Pinetown, tangu enzi zile Wahindi walipokuwa na ligi yao na watu weupe yao.

"Hicho umekiokota?" aliuliza kwa Kiingereza.

"Ndiyo, Mista. Samahani."

"Samahani ya nini? Wenzako wanakikanyaga." Rampersad alifungua mlango wa gari lakini hakuingia. "Unakionaje?"

Josias alifikiri kwanza, maana Kiingereza chake kilikuwa bado cha kuokoteza. "Kina majina na magoli," alisema. "Lakini mtu ambaye hakuwepo hawezi kuiona mechi."

"Anayenunua ni aliyekuwepo."

"Kwetu, aliyekuwepo alimpelekea ambaye hakuwepo."

Rampersad alicheka, akaenda zake. Lakini mwaka 1997 timu ilipomsajili winga wa kushoto kutoka Lubumbashi, kijana aliyeitwa Elysée ambaye hakujua neno la Kiingereza, mzee alirudi barabara ya nyuma kumtafuta yule mlinzi wa magari aje kutafsiri mahojiano. Josias alitafsiri. Miezi michache baadaye Wakongomani walikuwa wakija uwanjani kwa makundi kumtazama mtoto wa kwao, na Rampersad akamwambia, "Watu wako wamejaa langoni na hawana cha kusoma. Chukua ukurasa wa nyuma."

Ukurasa ukaitwa Ugenini. Wachezaji hulitumia neno hilo kwa mechi ya uwanja wa wenzao. Josias na jirani zake walilitumia kwa maisha yao yote ya siku zile. Rampersad alipoelezwa maana yake alisema babu yake naye alishushwa kwenye bandari hiihii kutoka India kuja kukata miwa, na kwamba lazima lugha ya babu ilikuwa na neno kama hilo, ila yeye hakufundishwa.

Josias aliandika jioni za katikati ya wiki, kwenye meza ya saluni ya Larissa, mwanamke wa Kalemie aliyesuka nywele chini ya ghorofa lao na aliyemwita Yaya, kama wanavyoitwa kaka wakubwa kwao. Hakuandika magoli peke yake. Aliandika mechi kana kwamba anamsimulia mtu asiyeweza kuisikia: jinsi wanawake wa Kizulu nyuma ya goli walivyoimba hadi mishipa ya shingo ikawatoka, jinsi harufu tamu ya sukari kutoka maghala ya bandarini ilivyoingia uwanjani upepo ulipogeuka, jinsi mtu wa safu ya mbele alivyokuwa akila mkate uliotobolewa na kujazwa mchuzi, na goli lilipoingia akaurusha juu mkate, mchuzi na vyote. Watanzania walilalamika kwamba Kiswahili chake kina "iko" nyingi za Kikongo. Alipozipunguza, Wakongomani wakalalamika kwamba anaandika kama padre. Lakini wote walinunua.

Miongoni mwa walionunua alikuwamo Mwita, dereva wa lori kutoka Tarime. Mwita alipakia makontena bandarini Durban na kuyapeleka hadi Lubumbashi, kupitia Zimbabwe na Zambia. Alipojitambulisha getini na kutaja safari yake, Josias alimshika mkono akasahau kuuachia.

"Katuba unapafahamu?"

"Naifahamu. Kuna mama anapika ugali mzuri kule."

"Kuna mzee anaitwa Vénérand. Ukiuliza mzee asiyesikia, watakuonyesha. Mpelekee hiki. Usimwambie kitu, hatasikia. Mpe tu."

Mwita alirudi baada ya wiki kadhaa, akaja moja kwa moja saluni akiwa bado na vumbi la barabara kwenye nyusi.

"Nimempa, Mwalimu. Kakisoma mimi nimesimama, kakirudia tena. Halafu kanishika bega, kaniuliza, na anavyoongea yule mzee mtaa mzima unasikia: huyu winga ana tatizo gani la mguu wa kulia? Mbona kila mara anarudi kushoto?"

Larissa aliacha kusuka akacheka. Josias naye alicheka, kisha akageukia ukutani akajishughulisha na chupa za mafuta ya nywele, na Larissa akaendelea na kazi yake bila kumtazama.

Tangu siku hiyo ukurasa ukawa na msomaji mmoja aliyekuwa mbele ya wengine wote, ingawa hakuna aliyejua isipokuwa watu watatu. Josias hakuwahi kumtaja. Aliona haya kumwandikia baba yake mbele ya uwanja mzima. Lakini aliposema barabara ya kutoka Albert Park ina mteremko mrefu unaofika hadi kwenye robot, ile taa ya magari ya njia panda, alikuwa anamwonyesha mzee njia anayopita kila siku. Aliposema watu wameanza kuzoea chakula cha huku, alikuwa anasema ameshiba. Na mzee alielewa. Mara moja aliandika kuhusu mechi ya Juni iliyochezwa kwenye mvua ya baridi, na watazamaji wasio na makoti walivyotetemeka. Mwita akarudi na swali.

"Anauliza kama una koti."

"Mwambie ninalo."

"Nilijua utasema hivyo, na yeye alijua." Mwita akafungua mfuko wa nailoni, akatoa koti zito la kazi, lililounguaungua mikononi kwa cheche za tanuru. Lilikuwa kubwa kwa Josias mabegani. Alilivaa getini msimu ule mzima, hata siku ambazo hakukuwa na baridi.

Wakati huo ndio vijarida vilipoanza kubaki.

Hakuna aliyeweza kuonyesha siku yenyewe. Kombe la Dunia la mwaka 1998 lilikuwa limewafanya watu wengi kununua televisheni, na mtu aliyezoea kuona jina la mchezaji likiandikwa chini ya kioo hakuona sababu ya kulitafuta kwenye karatasi. Uwanjani kulifungwa vipaza sauti vipya vilivyotangaza majina. Vijana walianza kuja na simu za mkononi, wakazungumza nazo mechi nzima. Mwezi Agosti vita vikaanza tena Kongo, safari za Mwita zikawa za kusitasita mipakani, na getini watu wa nyumbani walisimama wakiulizana habari za miji yao badala ya kuingia. Kisha Januari Elysée akauzwa kwa timu ya Johannesburg. Josias alimtafsiria kwenye mkutano wa kuaga, na kijana alipomaliza kushukuru klabu aliongeza neno ambalo Josias hakulitafsiri, "Mwalimu, na kwenye ule ukurasa utamwandika nani tena?"

"Wewe," alijibu Josias. "Nitaendelea kukuandika wewe. Johannesburg si mbali."

Lakini bila Elysée makundi ya Albert Park yalipungua. Josias alirudi na marundo Pinetown, na Rampersad aliyapanga nyuma ya mashine, akiyagongagonga kingo ili yakae sawa.

Mwezi wa nne mwaka 1999 klabu iliwaita wote wawili ofisini. Meneja mpya wa biashara aliitwa Thandeka, dada mwenye heshima aliyewamiminia chai kwa mkono wake. Josias alikuwa amejiandaa kumchukia, akashindwa. Dada alisema bila kuzunguka kwamba mdhamini mpya, kampuni ya simu, anataka karatasi moja ya kukunja itakayogawiwa bure, tangazo upande mmoja na majina upande wa pili. Alisema baada ya miaka michache mtu atayasoma yote hayo kwenye kompyuta, nyumbani kwake.

"Kompyuta huwezi kuikalia kwenye saruji yenye maji," alisema Rampersad.

Thandeka alitabasamu, kisha akaacha kutabasamu. "Baba yangu anavyo vyote vya tangu mlipoanza," alisema. "Amevihifadhi kwenye sanduku chini ya kitanda. Nimekua navyo. Sisemi kwamba havina thamani, Mista Rampersad. Nasema havinunuliwi."

Rampersad alichukua kofia yake. Walitoka, wakakaa ndani ya gari la mzee nje ya uwanja mtupu. Mtu mmoja alikuwa akisukuma mashine ya kukata nyasi, akienda na kurudi.

"Ningekuwa kijana ningegombana," alisema Rampersad. "Nilimwona babaye zamani. Alikuwa akija langoni kabla ya kufunguliwa, ili apate ambacho hakijakunjika."

"Tunacho kimoja cha mwisho?"

"Mechi ya kufunga msimu. Andika unachotaka. Ukitaka kurasa mbili, chukua na ya matairi. Huyo wa matairi amekwisha jitoa."

Josias alikaa saluni jioni tatu mfululizo bila kuandika mstari. Alikuwa na mambo mengi ya kumwambia msomaji wake, na yote yalikuwa yamejificha miaka miwili nyuma ya mipira ya kona. Alitaka kusema kwamba mwaka ule mmoja wa kwenye ubao ulikuwa umepita mara nne. Kwamba akivuka mpaka na kibali chake cha mkimbizi hawatamruhusu kurudi, na asipovuka hajui atamwona lini. Kwamba asubuhi, kabla hajafumbua macho, bado alitega sikio kusikia king'ora cha kiwanda cha shaba kinachoita watu kazini, akakutana na honi ya meli.

"Yaya," alisema Larissa akiwa na kitana mdomoni, "kama ni baba unamwandikia, mwandikie baba. Mbona unajificha, juu ya nini? Sisi wote tuko na baba."

Basi aliandika. Hakuandika habari za Umbilo Rovers hata kidogo. Aliandika Jumapili moja ya Lubumbashi, alipokuwa mdogo, siku baba yake alipompeleka uwanjani kwa mara ya kwanza. Aliandika vumbi jekundu la njiani, bomba refu la kiwanda likitoa moshi hata siku ya Mungu, na jinsi alivyobebwa mabegani mwa baba akaona vichwa vyote vya watu kwa chini, kofia na vilemba na vipara. Aliandika karatasi ya majina aliyowekewa mikononi. Mwishoni aliweka maneno ambayo hakuwahi kuyaweka kabla: "Baba, mimi ni mzima. Ninachokijua cha kusoma na kuandika kilianzia kwako. Baada ya leo ukurasa huu hautakuwapo. Usifikiri nimenyamaza."

Siku ya mechi ile upepo ulikuwa mkali na watu hawakuwa wengi. Mtu akisoma hadithi ya namna hii angependa kusikia kwamba foleni ilizunguka uwanja na vijarida vikaisha. Havikuisha. Lakini walionunua walikaa navyo muda mrefu. Mzee mmoja wa Uvira, aliyekuwa akiuza mikanda sokoni, alisoma hadi mwisho, akarudi getini, akampa Josias mkono, akaenda zake bila kuingia kwenye mechi. Timu ilitoka sare. Vilivyobaki Larissa alivichukua, akaviweka saluni kwa wateja wanaosubiri zamu, na vilikaa hapo mpaka kurasa zikachakaa kwa vidole vyenye mafuta.

Mwita alichukua vitatu, ili kimoja kikipotea njiani vibaki viwili. Safari ile alikawia sana. Aliporudi, Josias alikuwa amekwisha kumwazia mabaya yote ya barabarani.

"Kakisoma?"

"Kakisoma." Mwita alikaa kwenye kiti cha kuoshea nywele, akapangusa uso. "Sikupata swali safari hii. Alikikunja, akaingia ndani, akafunga mlango. Nikangoja nje. Jirani yake, Mama Gloriose, akaniletea maji. Baadaye mzee katoka kavaa viatu. Kanipa hii namba. Ya simu ya duka la huko, Mama Gloriose ndiye anauza. Anasema Jumapili ya mwisho ya mwezi, baada ya misa, upige."

"Nipige? Atasikia nini?"

"Nilimuuliza hivyohivyo, kwa mikono. Kasema, mwambie apige."

Duka la simu la Albert Park lilikuwa la Grâce, lenye vibanda vya mbao vilivyobandikwa kadi za nchi mbalimbali. Jumapili ile Josias alifika amevaa suruali yake ya kanisani. Grâce alipiga, laini ikakatika, akapiga tena, kisha akamwonyesha kibanda cha mwisho, kilichokuwa na mlango wa kioo unaofunga vizuri.

Kwanza alisikia kuku, na sauti ya mwanamke ikisema, "Sasa, baba, sasa," kwa kupiga kelele. Kisha ikaja pumzi nzito ya mtu asiyejua ashike wapi chombo.

"Josias," ilisema sauti, kubwa mno, hata akaitenga simu na sikio. "Ni mimi baba yako. Sisikii kitu, basi usijisumbue kusema. Mimi nitasema, weye usikilize."

"Baba," alisema Josias hata hivyo.

"Nilisoma. Umeandika muzuri, lakini ile siku mimi sikukubeba. Ni mjomba wako alikubeba. Mimi nilikuwa nimeumia mgongo kazini. Nilikuwa natembea nyuma yenu na karatasi mkononi, nakusomea majina, na weye unayarudia huko juu. Uliyarudia yote. Watu walikuwa wanageuka wanacheka."

Josias aliegemea mbao za kibanda. Alikuwa ameisahau sauti hiyo kuliko alivyodhani. Ilikuwa imezeeka, ina mkwaruzo ambao hakuuacha nyumbani.

"Ile sauti yako ya utoto mimi bado ninayo," mzee aliendelea. "Ya ukubwani sikuipata sawasawa, masikio yalikuwa yanaondoka. Lakini ile ya huko juu mabegani ninayo. Nikisoma ukurasa wako, inausoma ile. Kwa hiyo usiseme umenyamaza." Akakohoa. "Sasa niambie... hapana, usiniambie. Ile timu kama imeshuka daraja, Mwita atanieleza kwa vidole. Koti unavaa?"

Kisha sauti ya Mama Gloriose ikaingia karibu. "Mwalimu? Ni mimi jirani. Baba anauliza kama iko neno unataka nimwambie. Nitamwandikia mkononi, hapa niko na kalamu."

Kwa ukurasa mmoja Josias alikuwa amezoea kupata wiki nzima ya kuchagua maneno. Sasa alikuwa amesimama na simu inayokula fedha, na nje ya kioo Grâce alikuwa akitazama saa ya ukutani, na maneno yote aliyokuwa nayo yalimkimbia.

"Mwambie nimesikia," alisema mwishowe.

Alimsikia mama akiandika, na akasikia, mbali kidogo, baba akiuliza, "Amesikia nini?"

"Yote," alisema Josias. "Andika, yote."

Laini ilikatika kabla hajajua kama neno hilo limeandikwa. Alibaki kibandani na simu mkononi, na Grâce, ambaye watu walikuwa wakingoja nyuma yake, hakumgongea kioo.

Tangu hapo waliongea hivyo kila walipoweza: baba akisema, mwana akisikiliza, na neno moja mwishoni kupitia kiganja cha mzee. Josias alipata kusikia mengi ambayo hakuwahi kuambiwa alipokuwa nyumbani, ya kazini, ya mama yake, ya wachezaji waliokufa zamani. Lakini mtu aliyemuuliza kama sasa ni afadhali hakupata jibu la moja kwa moja. Josias alisema baba yake sasa anaongea na ukuta, na yeye alikuwa akipenda ule wakati mzee alipokuwa na kitu mkononi cha kushika, cha kukunja, cha kuuliza maswali juu yake.

Rampersad alimwajiri Pinetown. Huko walichapa kadi za harusi na ratiba za mazishi, kazi isiyokosekana, na Josias akawa fundi mzuri wa kupanga majina ya marehemu yasipite kingo. Mara mbili alijaribu kutoa karatasi yake ya Kiswahili kuhusu mechi za Jumapili za wahamiaji. Watu waliisifu, wakaichukua, wakasahau kuja kuchukua iliyofuata.

Agosti msimu mpya ulipoanza, alilipa kiingilio kama watu wengine, akaingia Umbilo. Getini dada mwenye fulana ya kampuni ya simu aligawa karatasi ya kukunja, lakini zilikuwa zimekwisha alipofika. Alikaa juu, upande wa jua. Kipindi cha pili timu ilifanya mabadiliko, akaingia kijana mwembamba ambaye hakuwahi kumwona, na kipaza sauti kilipomtaja upepo ulilichukua jina likaenda nalo upande wa reli.

Mtu wa pembeni yake, Mzulu wa makamo mwenye redio ndogo, alimgeukia. "Nani huyu?"

Josias alitazama mikono yake, kisha akatazama uwanjani. "Sijui," alisema. "Mimi pia ningependa kumjua."

Wakamtazama wote wawili kijana yule akipokea mpira wake wa kwanza, akauweka sawa kwa mguu wa kulia, akaanza kukimbia nao kuelekea goli la upande wa bandari.